Nani Huliambia Jani la Kileleni Lifunge?

Katika bonde moja lililojificha kwenye miteremko ya Kilimanjaro umesimama mkukusu wenye urefu wa mita 81.5. Andreas Hemp, mwanaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani, aliipima miti ya bonde hilo pamoja na wenzake, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba huo ndio mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana barani Afrika. Umri wa majitu hayo wanaukadiria kati ya miaka 500 na 600. Wapanda mlima hupita na macho yao yakiwa kwenye theluji, na siwalaumu, maana theluji chini ya jua la ikweta si jambo dogo. Lakini kwangu mimi kitendawili kikubwa zaidi cha mlima ule kiko ndani ya mbao.

Kila siku yenye jua, mti huo huinua maji kutoka mizizini hadi kwenye jani la mwisho kileleni. Hauna pampu. Maji yanayotoka majanini kama mvuke huyavuta yaliyo nyuma yake, nayo huyavuta mengine, hadi chini kabisa kwenye udongo. Kuinua maji mita 10 kunadai mvutano wa karibu kanieneo moja ya angahewa. Kwa mkukusu wetu hizo ni nane, ukitaja uzito wa maji peke yake, kabla hujahesabu msuguano wa safari yenyewe.

Sasa tuseme mvua imekosekana na udongo umeanza kukauka. Mizizi ndiyo inayogusa udongo, kwa hiyo mtu angetarajia mizizi iwe ya kwanza kujua, kisha ipeleke habari juu: fungeni, maji yanakwisha. Katika miti mingi ya msituni maji hupanda mita chache tu kwa saa, hata katikati ya mchana. Kwa mwendo wa mita mbili kwa saa, habari iliyochanganywa ndani ya maji ingehitaji saa 40 kufika kileleni mwa mkukusu. Tena usiku maji karibu yanasimama. Zingekuwa siku nne hivi, na jani la kileleni, linalopigwa na jua na upepo, haliwezi kungoja siku nne.

Hapo ndipo penye mjadala uliowashughulisha wataalamu wa mimea kwa zaidi ya nusu karne, na jibu lake limebadilika njiani.

Tuanze na jani. Upande wake wa chini, na katika mimea mingine pande zote mbili, umejaa vijitundu visivyoonekana kwa macho. Katika milimita moja ya mraba vinaweza kuwa makumi au mamia. Vinaitwa stomata, na kila kimoja kimezungukwa na seli linzi mbili zenye umbo la punje ya haragwe. Seli hizo zikijaa maji zinapinda na kuachana, kitundu kinafunguka, zikinywea, kinafumba.

Kitundu hicho ndicho mlango wa chakula. Hewa ukaa huingia humo na mti huigeuza sukari kwa nguvu ya jua. Tatizo ni kwamba hewa ukaa ni adimu: katika kila molekuli 10,000 za hewa, ni nne na ushei tu. Wakati huohuo ndani ya jani kumelowa tepetepe, na nje mara nyingi ni pakavu. Basi mlango ukifunguliwa ili kipatikane kile kidogo, maji hutoka kwa wingi. Kwa kila molekuli moja ya hewa ukaa inayoingia, mamia ya molekuli za maji hupotea. Mti unaoogopa kupoteza maji utakufa njaa, na mti wenye pupa ya chakula utakufa kiu.

Kila aliyepanda maboga ameiona biashara hii ikifanyika. Saa saba mchana majani yamelala chini utadhani shamba halijaona mvua mwezi mzima. Jioni yamesimama tena, na hakuna aliyeyamwagia hata tone. Udongo ulikuwa na maji muda wote, ila majani yalikuwa yakitoa kwa kasi kuliko mizizi ilivyoweza kuleta. Anayekimbilia ndoo saa saba hiyohiyo angefanya vizuri kwanza kuchimba kidole ardhini akapima unyevu.

Kitu kinachoyaambia majani yafunge kiligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta mambo mengine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Davis, California, Frederick Addicott na wenzake walitaka kujua kwa nini vitunda vichanga vya pamba hupukutika kabla ya kukomaa. Upande wa pili wa Atlantiki, Aberystwyth katika Wales, Philip Wareing alikuwa anauliza ni kitu gani hulaza machipukizi ya miti wakati wa baridi. Kila kundi lilichuja majani na matunda mpaka likapata dawa yake. Mwaka 1965 ikajulikana kwamba walikuwa wameshika kitu kimoja. Miaka miwili baadaye kilikubaliwa kuitwa asidi ya absisiki, ambayo wataalamu huifupisha ABA. Leo tunajua kwamba kazi ya kupukutisha hufanywa zaidi na ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. ABA ilikuwa na shughuli nyingine.

Shughuli hiyo ilianza kuonekana mwishoni mwa muongo huo. Jani la ngano lililoachwa linyauke lilikutwa limezidisha ABA yake mara nyingi katika muda mfupi. Majani yaliyopewa ABA kutoka nje yalifunga stomata zake. Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa mnyanya mmoja wenye kasoro ya kurithi, unaoitwa flacca. Mnyanya huu hunyauka hovyo hata ukiwa na maji ya kutosha, kwa sababu stomata zake hazijui kufunga. Nchini Israeli, D. Imber na Moshe Tal waliunyunyizia ABA, na mwaka 1970 wakaripoti kwamba ulisimama na kuanza kufanana na minyanya mizima. Kasoro yake yote ilikuwa upungufu wa homoni moja.

Namna homoni hiyo inavyoushika mlango ilichukua miaka karibu 40 zaidi kufahamika. Mwaka 2009 makundi mawili, moja la Sean Cutler wa California na jingine la Erwin Grill wa Munich, yalitangaza protini zinazoipokea. Kwa ufupi, ABA ikiingia kwenye protini hizo hufungua mnyororo wa amri ndani ya seli linzi. Milango midogo kwenye ngozi ya seli inafunguka, chumvi za potasiamu pamoja na wenzake zinatoka, maji yanazifuata, seli zinanywea, kitundu kinafumba. Huchukua dakika, si siku.

Lakini nani huitoa hiyo ABA? Kwa miaka mingi jibu la vitabuni lilikuwa mizizi, na halikuwa jibu la kubuni. Katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, kundi la William Davies lilifanya jaribio zuri ambalo hata mkulima asiye na maabara angeweza kulibuni. Waliugawa mfumo wa mizizi ya mche wa mtufaha katika vyungu viwili. Chungu kimoja wakakinywesha, kingine wakakiacha kikauke. Mti ulipata maji ya kutosha kutoka upande mmoja, majani hayakunyauka, na bado ukuaji wake ukapungua. Hapo wakaikata ile mizizi iliyokuwa kwenye udongo mkavu. Ukuaji ukarudi. Kama shida ingekuwa uhaba wa maji, kukata mizizi kusingesaidia. Ilionekana mizizi iliyokauka ilikuwa ikipeleka onyo, na aliyeleta onyo alipoondolewa, mti ukatulia.

Matokeo hayo ya mwaka 1990 yalizaa kilimo kizima. Huko Australia wakulima wa mizabibu walianza kunywesha upande mmoja wa mstari, wakauacha mwingine ukauke, kisha wakabadilisha. Matumizi ya maji yalishuka sana, katika majaribio mengine hadi nusu, na mavuno hayakuanguka kwa kiwango hicho. Uchambuzi uliofuata ulipoza furaha kidogo: katika mashamba mengi faida ilitokana na kupunguza maji kwa kiasi, uyazungushe pande mbili au usiyazungushe. Mwenye mizabibu Dodoma anaweza kuichukua nusu hiyo ya pili ya somo bila gharama ya mabomba mawili.

Fumbo lilianza kugeuka kwa kisu cha kubebesha miche. Michele Holbrook na wenzake walichukua ile minyanya ya flacca na kuibebesha na minyanya mizima: juu nzima kwenye mizizi mbovu, na kinyume chake. Kama ABA ya kufungia stomata inatoka mizizini, mmea wenye mizizi mbovu usingejua kufunga udongo ukikauka. Ulifunga. Mwaka 2002 wakaandika kwamba kilichoamua kilikuwa sehemu ya juu, si mizizi. Kisha huko Tasmania, Scott McAdam na Timothy Brodribb wakaonyesha kwamba jani lenyewe hutengeneza ABA yake ndani ya dakika 20 hivi hewa inapokauka ghafla, mara tu seli zake zinapoanza kupoteza maji na kulegea. Udongo haujabadilika, mizizi haina habari, na jani tayari limejiamulia.

Mizizi haikufukuzwa kabisa katika hadithi. Mwaka 2018 watafiti wa Japani, katika kundi la Kazuo Shinozaki, walikuta mizizi ya mmea mdogo wa jamii ya haradali ikipeleka juu kipande kifupi cha protini, kinachoitwa CLE25, ambacho kikifika jani huliamsha litengeneze ABA. Kwa hiyo mizizi inaweza kutoa taarifa, ila homoni inapikwa jani lilipo. Vilevile kuna ujumbe usio wa kemikali: udongo ukikauka, mvutano ndani ya safu ya maji huongezeka, na mabadiliko ya mvutano husafiri kwa kasi kubwa mno kuliko maji yenyewe. Kwa mti wa mita 81 hiyo ndiyo simu ya kweli. Jani halisubiri kemikali kutoka chini; linahisi kamba ya maji ikikazwa.

Na ukifikiri, ingekuwaje vingine? Kichwa cha mti mkubwa si mahali pamoja. Majani ya kileleni ni madogo, manene, yenye stomata nyingi, yanachomwa na jua kutwa. Mita 40 chini yake, ndani ya mti uleule, yapo majani mapana na membamba yanayoishi katika kivuli, yakingoja kipande cha jua kinachopenya kwa sekunde chache na kupita. Jani la kivulini likifunga stomata zake kabisa litakosa bahati hiyo, kwa sababu kufungua huchukua dakika na jua limekwisha kuhama. Kwa hiyo saa sita mchana, majani ya juu yamefumba nusu na ya chini yamebaki wazi. Amri moja kutoka mizizini ingeyakosea yote, ya juu na ya chini.

Kuyajua haya kuliwagharimu watu jasho. Jani la mche kwenye chungu unalibana kwenye kifaa ukiwa umekaa kitini, unapima hewa ukaa inayoingia na mvuke unaotoka. Jani la mita 40 juu ni shauri jingine. Per Scholander, aliyetuachia kifaa cha kupimia mvutano wa maji ndani ya kitawi, alimtumia mlenga shabaha kuangusha vitawi kwa bunduki kutoka vileleni mwa miti mirefu ya Marekani, katika utafiti wake wa mwaka 1965. Wengine hupanda kwa kamba. Mwaka 1990, katika msitu ulio kando ya Jiji la Panama, Taasisi ya Smithsonian ilisimamisha winchi ya ujenzi, ile ya kujengea maghorofa, ikamning'iniza mtafiti kwenye kizimba na kumshusha juu ya majani kutoka angani. Ndipo watu wengi walipoacha kukisia mambo ya kileleni kwa kutazama miche ya bustanini.

Kufunga, hata hivyo, si suluhisho la bure. Jani lililofunga halili. Pia huchemka, maana mvuke ndio uliokuwa ukilipoza. Lakini kuchelewa kufunga ni hatari kubwa zaidi. Mvutano ukizidi, safu ya maji hukatika na kiputo cha hewa huziba mrija. Mwaka 1966 John Milburn na mwenzake walitega vipokea sauti kwenye vikonyo vya mbarika, mmea tunaoujua vizuri huku kwetu, wakasikia milio ya mitetemo kila safu ilipokatika. Mrija mmoja ukiziba, mingine hubeba mzigo wake na mvutano unapanda zaidi.

Huko Caxiuanã, katika Amazoni ya Brazili, kuanzia mwaka 2002 watafiti walitandaza paneli za plastiki chini ya matawi ya hekta moja ya msitu na kuzuia karibu nusu ya mvua isifike ardhini. Miaka ya mwanzo miti ilivumilia. Kisha mikubwa ikaanza kufa, mikubwa kuliko midogo. Walipopima akiba ya sukari ndani ya miti hawakuikuta imekwisha, na mwaka 2015 wakahitimisha kwamba kilichoiua ni kushindwa kwa mirija ya maji, si njaa. Mti mrefu una mwendo mrefu wa kuinua maji na kilele chake kiko juani. Dakika zilezile za kuamua kufunga au kutofunga zina uzito zaidi kwake.

Miti haiamui sawa, na hili lapaswa kuwagusa wapandaji wa mbao. Kundi lilelile la Tasmania lililinganisha miti ya jamii ya msonobari na ile ya jamii ya saiprasi. Ukame ukianza, zote hupandisha ABA na kufunga. Siku zikizidi, msonobari huendelea kuijaza ABA na kushikilia mlango kwa homoni. Miti mingi ya jamii ya saiprasi hufanya jambo lililowashangaza watafiti: ABA yake hufika kilele kisha hushuka, wakati ukame ungali mkali, na stomata hubaki zimefumba kwa ukavu wa jani peke yake. Miti hiyo ina mirija migumu isiyokatika upesi, kwa hiyo inaweza kuacha mvutano upande bila kuogopa. Mvua ikirudi, msonobari huchelewa kufungua kwa sababu homoni bado imejaa majanini.

Anayetembea Sao Hill, Mufindi, anapita kati ya misonobari ya Meksiko, ambayo wenyeji huiita mipaina. Anayepanda upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, ulio mkavu zaidi, anakutana na mtarakwa, ndugu wa saiprasi. Kuona mtarakwa umeota pale penye mvua haba si ajabu ukishajua jamii yake inavyotumia homoni. Kuona msonobari umepandwa penye ukame wa mara kwa mara, hapo ningemuuliza aliyepanda amehesabu nini.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linahusu hewa tunayoibadilisha sisi. Hewa ukaa ikiwa nyingi, jani halihitaji kufungua mlango sana. Mwaka 1987 Ian Woodward alihesabu stomata kwenye majani makavu yaliyohifadhiwa katika makusanyo ya Cambridge, ya miti ya Uingereza, yaliyochumwa katika kipindi cha miaka 200. Idadi yake ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 40, huku hewa ukaa ikipanda tangu enzi ya viwanda kuanza. Kwa mti mmoja hiyo ni nafuu, kwani unakula vilevile na kupoteza maji machache. Kwa mawingu ni habari nyingine. Katika miaka ya 1970 Enéas Salati wa Brazili alionyesha kwamba karibu nusu ya mvua ya Amazoni ni maji ambayo msitu wenyewe uliyarudisha angani, na msitu wa Kongo nao hujinywesha kwa njia hiyo. Stomata zikipunguza mvuke juu ya eneo kubwa namna ile, upungufu wake hudondokea shamba la mtu aliye upande ule upepo uendako.

Kwenye kitalu, ABA huwafanyia kazi hata wasioijua. Fundi wa miche wiki za mwisho hupunguza maji kidogo kidogo, huondoa kivuli, na siku ya kuhamisha hungoja jua lipoe. Mche uliozoezwa kiu hufunga stomata zake upesi mizizi inapokatikakatika njiani, wakati mche uliolelewa kwenye maji tele hubaki umeacha milango wazi, na kufikia saa nane mchana umekauka. ABA sasa hutengenezwa pia viwandani na kunyunyiziwa zabibu nyekundu ili zikolee rangi, hivyo mtu anaweza kuuliza kwa nini isinyunyiziwe miche. Kwa mche wa mradi wa upandaji miti unaouzwa bei ya chee, kupunguza ndoo mbili za maji kwa wiki mbili kunafanya kazi hiyohiyo bila kununua chochote.